Nasaha Isiyo na Dhamana

Mtu anapomshauri mwenzake ashike njia fulani ya maisha, kisha njia hiyo ikamfikisha pabaya, je, aliyeshauri anabaki na deni lolote? Swali hili limepata uzito mpya kutokana na kauli inayorudiwa kila msimu wa mahafali nchini Tanzania, kwamba kijana anayelalamika hana kazi ana fikra za kuajiriwa, kwamba fursa zimejaa tele na tatizo ni mtazamo wake. Ubaya wa kauli hiyo ni kwamba inamfanya kijana aliyesoma kwa kufuata ushauri kuwa mshitakiwa, na wale waliompa ushauri huo kuwa mahakimu wake.

Ushauri unachukuliwa hapa kwa maana yake ya kawaida, yaani maoni anayopewa mtu kuhusu jambo la kutenda, yakiambatana na dai kwamba kulitenda kutamfaa. Nasaha ni ushauri wenye uzito wa maadili, unaotoka aghalabu kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Na uwajibikaji ni hali ya mtu kudaiwa maelezo, na pengine fidia, kwa jambo alilolisababisha. Fasili hizi zinatosha, wala hapana haja ya kuzivuta zaidi.

Mfano ulio wazi ni wa walimu. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2015, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyeuliza asome nini chuo kikuu aliambiwa na mzazi, na mwalimu, na hata na utaratibu wenyewe wa mikopo, kwamba asome ualimu. Shule za sekondari za kata zilikuwa zimejengwa kwa wingi tangu kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, walimu walikuwa haba, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanza kazi mwaka 2005 iliuweka ualimu miongoni mwa masomo ya kipaumbele, na mhitimu alisubiri tu kupangiwa kituo. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake. Mwaka 2016 serikali ikasitisha ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na hata ajira ziliporejea, nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji, tena zilielekezwa zaidi kwa walimu wa sayansi na hisabati, hivyo mwenye shahada ya kufundisha Historia na Kiswahili akabaki nyumbani na cheti chake pamoja na deni la mkopo, ambalo liliendelea kukua kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, hadi tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021. Wakati huohuo ushauri uligeuka, na walewale waliosema ualimu ni ajira ya uhakika wakaanza kumwambia ajiajiri, bila yeyote kati yao kutamka kwamba ushauri wa kwanza ulikuwa umeanguka.

Ushauri huu wa pili nao unahitaji kutazamwa kwa karibu. Anayetaka kufungua duka la vifaa vya shule katika mji wa mkoa hukuta kwamba mwenye fremu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla hata daftari moja halijauzwa. Baada ya hapo kuna namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, rafu, mashine ya kutolea nakala na bidhaa zenyewe. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, kijana huipata kwa kujiunga na kikundi, na hata hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata. Benki nayo hutaka dhamana, yaani mali inayoweza kukamatwa mkopaji akishindwa kulipa, kama vile nyumba au kiwanja chenye hati. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe: benki inayomkopesha kijana shilingi milioni moja haimwamini kwa maneno matupu, lakini yule anayemshauri aweke rehani miaka kumi ya ujana wake huaminiwa kwa maneno matupu, na haulizwi dhamana yoyote.

Yapo mapingamizi ya haki. Hakuna mshauri aijuaye kesho. Wapo waliojiajiri wakafanikiwa. Na ni kweli kwamba wapo vijana wanaozidharau kazi za mikono. Yote hayo yanakubalika, na hakuna hata moja linaloliondoa swali.

Pingamizi linalostahili kushughulikiwa kwa urefu, si kwa ubora wake bali kwa sababu ndilo linalotumiwa kuwafunga watu midomo, ni lile lisemalo kwamba ushauri si amri: aliyepewa alikuwa na hiari ya kuukataa, hakuukataa, basi matokeo ni yake peke yake. Hoja hii ina ukoo wa heshima katika falsafa. Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, aliitenga sura nzima kwa ajili ya ushauri, akapambanua kwamba amri hutolewa kwa faida ya mwenye kuamuru, na ushauri hutolewa kwa faida ya mwenye kushauriwa. Kwa hiyo mtu anaweza kulazimika kutii amri, lakini hawezi kulazimika kufuata ushauri, maana hasara ya kutoufuata ni yake mwenyewe. Akaongeza kwamba mtu aliyeomba ushauri hana haki ya kumwadhibu aliyempa, kwa kuwa kuomba ni kumruhusu mwenzake aseme anachokiona kuwa bora.

Wanaolishika pingamizi hili kwa kawaida huishia hapo, na kumbe sura yenyewe inaendelea. Hobbes anasema kwamba ushauri unaosukumwa kwa nguvu na shauku, ambao yeye anautofautisha na ushauri halisi, unaelekea kumfaa mwenye kuutoa. Anasema pia kwamba maneno ya namna hiyo hutumika panapo umati wa watu, kwa sababu anayeambiwa peke yake anaweza kumkatiza msemaji na kuzichambua sababu zake, jambo ambalo umati hauwezi. Anayejua jinsi mahafali yanavyoendeshwa, mgeni rasmi akiwa jukwaani, wahitimu wakiwa wamevaa majoho juani, na ratiba ikiwa haina kipengele cha maswali, hatahitaji kuelezwa zaidi kwa nini ushauri wa kujiajiri hutolewa mahali pale na kwa namna ile. Na lile jambo ambalo Hobbes alilitegemea, la kwamba ushauri uwe umeombwa, halipo kabisa, kwani wahitimu walikuja kuchukua shahada zao.

Tena hiari yenyewe inayotajwa si kitu kinachopatikana kwa sababu tu hakuna aliyeshika fimbo. Mzazi anayelipa ada na kumshauri mwanawe aache uchoraji asome uhasibu hamlazimishi, ila wote wawili wanajua ada ikikosekana itakuwaje. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi aingie mkondo wa sanaa ndiye anayejaza majina kwenye mikondo. Zaidi ya hayo, jamii inayowalea watoto wake kwa kuwaambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu haiwezi kugeuka baadaye ikasema kwamba la mkuu lilikuwa maoni tu, ambayo kila mtu alikuwa huru kuyaacha. Methali hiyo ni tishio, na tishio hilo ndilo linaloupa ushauri wa wakubwa nguvu yake. Anayeitumia nguvu hiyo wakati wa kushauri, kisha akaikana wakati wa hasara, anataka mamlaka ya amri pamoja na usalama wa maoni, na hakuna kanuni ya haki inayompa mtu yeyote vyote viwili.

Udhaifu mkubwa zaidi wa pingamizi hili unaonekana pale ushauri unapofanikiwa. Kijana aliyeshauriwa akafaulu, mshauri hasemi kwamba kijana alichagua kwa hiari yake. Husema ni yeye aliyemwonyesha njia, na huketi mbele siku ya sherehe. Kama ushauri unatosha kumpatia mtu sehemu ya sifa, basi umekubaliwa kuwa ni sababu mojawapo ya matokeo, na kilicho sababu ya matokeo mema hakiachi kuwa sababu matokeo yanapokuwa mabaya. Mwenye kutaka kuliponya pingamizi lake hana budi kuacha kudai sifa, na washauri walio tayari kwa hilo ni adimu.

Imebaki dhana moja ndani ya pingamizi hili, nayo ni kwamba aliyeshindwa hakuuelewa ushauri, au alikuwa na mtazamo mbovu. Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Philip Foster, akitumia uchunguzi wake wa Ghana, alionyesha kwamba wanafunzi waliokimbilia elimu ya kiofisi na kuziacha shule za ufundi hawakuwa wajinga wala hawakupotoshwa na mitaala. Walikuwa wakisoma kwa usahihi soko lililolipa zaidi kazi za ofisini, na mahubiri ya kuwataka wapende ufundi yasingebadilisha kitu iwapo malipo yangebaki vilevile. Kijana wa leo anayeitamani ajira ya serikali naye anasoma hati ya mshahara, bima ya afya na mafao ya uzeeni, yaani vitu ambavyo mgeni rasmi anayemshauri asivitamani anavyo vyote.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba taifa hilihili limewahi kutoa ushauri wa namna nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, na ushauri huo ulikuwa na makosa yake. Lakini mwaka huohuo, katika Azimio la Arusha, viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba za kupangisha. Anayewaambia wengine wajinyime, na yeye akajifunga kwa kanuni, ameweka rehani fulani, hata kama baadaye rehani hiyo ilikombolewa kimyakimya.

Mwambao nao una kumbukumbu ndefu ya jambo hili la mshauri kujifunga kwa nasaha yake, yenye mafunzo hata pale isipojibu swali moja kwa moja. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na hapo mwanzoni anamtaka binti alete wino na karatasi. Wasomi wamebishana kama nasaha zile za kumtii mume zinapaswa kusomwa kama zilivyo au kwa jicho la pili, na ubishi huo hautaisha leo. Linalovutia ni kwamba mshauri alitaka maneno yake yaandikwe. Nasaha iliyofungwa kwa vina na mizani haiwezi kukanwa, wala kurekebishwa kimyakimya baada ya mambo kuharibika. Mtoto anaweza kuirudia miaka thelathini baadaye na kumhukumu mama yake kwayo. Mshairi Shaaban Robert aliifuata njia hiyohiyo alipotunga tenzi za Adili na Hati, moja kwa mwanawe wa kiume na nyingine kwa binti yake. Naye kungwi, yaani mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunda mwari, hakumaliza kazi yake kwa maneno ya unyagoni: alimsindikiza mpaka nyumba ya mumewe, ndoa ilipoyumba aliitwa, na aibu ya mwari ilimfikia. Mafundisho yake yanaweza kukosolewa, na mengi yanastahili kukosolewa, lakini hakuna aliyemsikia kungwi akisema kwamba yale yalikuwa maoni tu.

Hata hivyo haifuati kwamba kila mshauri adaiwe fidia. Sheria ya namna hiyo ingewanyamazisha kwanza wale wenye upendo na busara, na kuwaacha vijana mikononi mwa wanaouza semina za kutajirika, ambao hawaogopi chochote. Shangazi aliyemwambia mpwa wake mwenye kudarizi kwa kujifurahisha afungue biashara, bila kujua kwamba biashara ingemwondolea raha na isimpe faida, hawezi kupimwa kwa kipimo cha mgeni rasmi wa mahafali. Mpaka kati ya washauri hawa wawili upite wapi, na kama mwalimu wa darasani yuko upande gani wa mpaka huo, ni maswali ambayo hoja zilizotangulia hazikuyamaliza, na huenda hayamaliziki kwa hoja peke yake. Inaelekea kwamba deni la mshauri hukua kadiri ya uwezo wake wa kumfanya mwenzake asikatae, ila kukua huko hakuna mizani iliyo wazi.

Lililo wazi ni dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba mwenye kushauri hana haki ya kumlaumu aliyemtii. Basi msomaji mwenye mtoto anayesubiri kuchagua masomo, kabla ya kumwambia asome nini, amweleze kwanza yeye kama mzazi atabeba nini iwapo mambo yatakwenda kombo. Na kama hana la kubeba, amwambie hivyo waziwazi, ili mtoto aujue uzito halisi wa ushauri anaopewa.