Aliyepanda na Atembeaye

Saa moja asubuhi, barabara inayotoka Kilwa Kivinje kupitia Singino hadi Nangurukuru haina mwenyewe. Wanafunzi wako kwa miguu, bodaboda zinapita na abiria wawili wawili, na malori yanatafuta njia kuu iendayo Lindi na Mtwara. Katikati yao yumo mchuuzi wa samaki na baiskeli yake. Tenga amelifunga kwenye kerieri kwa mpira wa tyubu kuukuu, samaki amewafunika gunia lililoloweshwa, na maji ya chumvi yanadondokea matagadi yaliyokwisha kuliwa na kutu. Anapofika kwenye mwinuko hushuka akasukuma. Akishapata tambarare hupanda tena, na kila anayempita humtolea salamu: mzee mwenye jembe begani, mama mwenye ndoo, watoto watatu wanaopigania kiazi.

Ukiitazama juu juu, ni adabu ya kawaida ya pwani. Lakini ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wamelishughulikia kwa karne nyingi: watu wawili wakikutana njiani, mmoja juu ya kipando na mwingine kwa miguu, nani ana deni kwa mwenzake?

Jibu la Uislamu, dini ya wengi katika mwambao huu, liko wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyepanda ndiye anayemwanza atembeaye, atembeaye humwanza aliyeketi, na wachache huwaanza wengi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Cairo mwaka 1449, katika sherehe yake ya Bukhari ananukuu sababu inayostahili kufikiriwa na kila mwenye usukani: aliyepanda ameamriwa kuanza ili kipando kisimtie kiburi. Mwenye nafasi ya juu ndiye anayedaiwa. Mwenye miguu mitupu hahitaji kujipendekeza kwa mtu.

Hapo ndipo mila ya pwani inapoleta mgongano wa kupendeza. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na ipo pia riwaya inayomtaka mdogo amwanze mkubwa. Sasa mzee wa miaka 60 aliye juu ya baiskeli akimpita mtoto wa darasa la tatu, nani aanze? Wanazuoni wamelijadili, na katika suala la jirani Imam Nawawi anasema kwamba mtu akimfikia aliyeketi, anayefika ndiye huanza kwa vyovyote, awe mdogo au mkubwa. Njiani watu hawasubiri fatwa. Mzee hutoa salamu ya dini, mtoto huiitikia kisha akaongeza shikamoo, na mzee hujibu marahaba akiwa ameshasogea hatua kadhaa. Kila mmoja amelipa deni lake, na hakuna aliyepungukiwa.

Kilwa ina kisa cha zamani kinacholingana na hili. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa sultani alipotoka msikitini kurudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani alirudi akaingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akampa zile alizoombwa. Yaelekea mtawala alikuwa anatembea, kwa hiyo fakiri aliweza kumsimamisha. Angekuwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi, ombi lile lisingemfikia.

Lakini kisa hakiishii hapo, na asiyekimaliza hakitendei haki. Mwana wa sultani alizichukua nguo zile, akamfidia fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini walitolewa zawadi katika habari ya ukarimu. Karne tano baadaye Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Baada ya mkataba wa 1873 kuzuia biashara hiyo baharini, misafara iligeukia nchi kavu, ikaswagwa kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani, hadi Sultani Barghash wa Zanzibar alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876. Misikiti ilikuwepo, hadithi ilijulikana, na salamu zilitolewa kila siku. Hata hivyo wale waliofungwa minyororo hawakuhesabiwa katika orodha ya nani amwanze nani. Kanuni ya njia ina uzito pale tu mwenye kipando anapokubali kwamba aliye chini ni mtu mwenye haki yake.

Ndiyo maana suala la mwendo si dogo. Mwaka 1974 Ivan Illich, padri na mwanafalsafa mzaliwa wa Austria aliyeishi Mexico, alitoa kitabu kidogo kuhusu nishati na haki. Alidai kwamba chombo kikizidi kama kilomita 25 kwa saa, kinaanza kuwanyang'anya watu muda na nafasi kwa faida ya wachache. Baiskeli aliisifu: mpandaji huenda mara tatu au nne zaidi ya mtembea kwa miguu, kwa nguvu pungufu mara tano. Illich hakuwa akiandika juu ya salamu, lakini kipimo chake kinafaa Kilwa. Kwa mwendo wa baiskeli, iwe Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya China au Swala iliyoundwa Dar es Salaam, uso unaonekana, jina linakumbukwa, na jibu linasikika.

Hata hivyo, asiyekuwa na haraka asimhukumu mwenye haraka. Mjamzito aliyezidiwa anahitaji gari, wala si kerieri. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilipoikata barabara kuu wilayani Kilwa, mabasi yalikwama na kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kila mtu alijua thamani ya njia inayopitika kwa kasi. Mchuuzi yule wa samaki naye angenunua pikipiki kesho kama angejaliwa, na angekuwa na haki kabisa.

Swali basi ni hili: deni la aliyepanda linakwenda wapi mwendo unapolizidi neno? Hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, inawaelekea waliokaa barazani: wakishindwa kuacha kukaa njiani, waipe njia haki yake, yaani kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kwa msichana anayepiga pedeli kwenda shule mbele ya baraza la vijana, kipengele cha kwanza kina maana kubwa. Kwa dereva wa lori, cha pili ndicho kizito zaidi. Udhia wake ni vumbi, maji ya dimbwi anayomrushia mtembea kwa miguu, taa kali machoni pa mwendesha baiskeli usiku, na kumsukumia mchangani.

Madereva wengi hupiga honi kijijini wakiamini wameshasalimia. Honi huwaonya watu wapishe, lakini salamu, kwa mujibu wa wanazuoni, hutamkwa ikasikika. Kibao cha 50 kinapoonekana mwanzo wa kijiji, kupunguza mwendo kunaikaribia zaidi amri ya aliyepanda kuliko honi, maana wakati huo mwenye kipando ndiye anayetoa kitu, na mama mwenye ndoo anavuka bila kukimbia.

Bado liko jambo la bodaboda, ambazo mwendo wake uko katikati. Kijana anaweza kupunguza, akainua mkono na kutamka salamu, na wapo wanaofanya hivyo Kilwa Masoko na Kivinje kila siku. Maimamu wanaohutubia Ijumaa katika miji hii wangefanya vyema kuieleza hadithi ya aliyepanda wakiwatazama vijana hao, waliojaa safu za nyuma, pikipiki zao zikiwa nje ya mlango.