Aliye chini ya ardhi naye ana haki ya kusikika

Oktoba 2015 wachimbaji wadogo walifukiwa katika mgodi wa Nyangarata, Kahama. Novemba 15, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Huko chini walikula mizizi, vyura na mende. Huku juu watu walikwishakata tamaa.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: kumpatia mchimbaji njia ya kusikika pindi anapofukiwa, je, ni hisani ya mwenye mgodi au ni haki yake?

Wapo wanaosema hilo ni suala la ufundi tu. Ni kweli, ufundi una ugumu wake. Mawimbi ya simu zetu za mkononi hayapenyi mwamba. Yale ya masafa ya chini sana hupenya zaidi, ila hubeba ujumbe mfupi tu. Migodi mikubwa hutandaza waya maalumu unaovujisha mawimbi ili redio za mkononi zisikike. Kifusi kikiukata, kimya kinarudi. Lakini walipokufa watu 12 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, Marekani, Januari 2006, mwaka haukwisha ila sheria ilipitishwa. Migodi ya makaa ya chini ya ardhi ikapewa miaka mitatu iandae mawasiliano yasiyotegemea waya. Ugumu wa mwamba ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kusikika kulihesabiwa kuwa deni.

Tena kimya hicho hakimuumizi mchimbaji peke yake. Wanafunzi wa fiqhi wanamjua mafqudi, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Mkewe si mjane, na mali yake hairithiwi mpaka kadhi ahukumu. Kwa Imamu Malik, mke husubiri miaka minne, kisha ndipo akae eda ya miezi minne na siku kumi. Familia nzima inaning'inia kwa kukosa sauti moja tu.

Mwenye duara atasema hana fedha za mitambo. Hoja hiyo ina uzito, lakini wajibu hupimwa kwa uwezo, haufutwi. Daftari la majina ya walioshuka si ghali. Bomba la chuma la kupitishia hewa hugongwa likasikika. Chile, mwaka 2010, wachimbaji 33 walijulikana kuwa wako hai siku ya 17 kwa kipande cha karatasi walichokifunga kwenye mtambo wa kuchoronga.

Na sisi wa Mwanza tusijitoe. Juni 2021 kilizinduliwa hapa kiwanda cha kusafisha dhahabu, na wapo miongoni mwetu wanaonunua, wanaofadhili maduara na wanaouza vito. Kanuni ya fiqhi inafundisha kuwa anayekula faida hubeba na dhamana. Basi kabla ya kuuliza bei ya gramu, mfadhili na amuulize mwenye duara: watu wako wakifukiwa leo, utawasikiaje? Akikosa jibu, fedha za jibu hilo zitangulie fedha za baruti. Kuokoa nafsi ni faradhi ya kifaya. Tukiiacha sote, dhambi ni yetu sote.

Wabillahi tawfiq.