Kocha mpya, jeraha lile lile

Kocha hufungasha virago kwa siku moja, lakini uchungu wa shabiki hauondoki naye.

Jumapili, Novemba 5, 2023, Simba ilichapwa 5-1 na Yanga. Siku mbili baadaye kocha wake, Robertinho, akaachana na klabu. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili 2024, na Juma Mgunda akabaki kumalizia msimu. Simba ikashika nafasi ya tatu kwenye ligi, nyuma ya Yanga na Azam.

Shabiki wa Simba hadai ubingwa kila mwaka. Anachostahili, na ni haki yake kabisa, ni kuelezwa wazi kikosi kilipungukiwa nini. Kumwondoa kocha kulipoza hasira ya Jumapili ile tu. Swali hilo la usajili lilibaki palepale, jukwaani, likimsubiri kocha aliyefuata.