Je, Ni Haki Kumpa Mtu Mbwa kwa Masharti?

Limezuka swali katika mitaa yetu ya Segerea, nalo, ingawa laonekana dogo, lina mzizi mrefu. Mtu amejenga nyumba yake, ukuta umesimama, geti limetiwa, naye ataka mbwa. Asikia ya kuwa wako watu katika mji wa Dar es Salaam waokotao mbwa na paka waliotupwa, wakawatibu na kuwalisha, kisha wakawatoa kwa wale walio tayari kuwatunza. Basi aenda huko akidhani ataondoka na mbwa siku ile ile. Kumbe aulizwa maswali: Nyumba ni yako au umepanga? Mbwa atalala wapi? Atafungwa? Nani atamlisha ukisafiri? Tena aambiwa ya kuwa watakuja watu kuitazama nyumba, na ya kuwa itampasa kutia sahihi yake katika hati, na kutoa fedha kidogo. Mtu huyu arudi nyumbani amekasirika. Asema, "Nimekwenda kuwapunguzia mzigo, nao wanihoji kama mwizi. Mbona nikinunua mbuzi mnadani Pugu hakuna aniulizaye neno?"

Hoja yake si ya kipumbavu, na wale wamchekao wamefanya haraka. Mbwa asiye na nyumba hula jalalani, hupigwa mawe, hugongwa na magari. Je, nyumba yenye upungufu si bora kuliko kukosa nyumba? Tena sisi tumefundishwa ya kuwa sadaka haiulizi maswali. Mwenye njaa akija mlangoni twampa chakula, hatumwambii kwanza atuonyeshe jiko lake.

Lakini tulitazame jambo hili vema: ni nani hapa apewaye? Yule bwana adhani ya kuwa yeye ndiye mpokeaji, na mbwa ndiye zawadi. Kwa kweli sivyo. Aliye na haja ni mbwa. Apewaye ni mbwa. Na kitu anachopewa ni nyumba, na ua, na mtu wa kumwita jina. Mwenye nyumba amesimama mahali pa mtoaji. Na anayempeleka mnyama asiyeweza kusema "sitaki" yampasa atazame anampeleka wapi, kwa kuwa mnyama mwenyewe hawezi kutazama. Mbuzi wa mnadani ni habari nyingine: yule ameuzwa, na muuzaji hakujifanya msemaji wake. Walakini hata juu ya mbuzi tusiseme ya kuwa hakuna neno, maana tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nayo haikumwacha mwenye mnyama, awe mbuzi, punda au mbwa, afanye apendavyo tu.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa. Ni kweli ya kuwa vyama vya namna hii vilianza mbali, lakini havikuanza kwa heshima. Mwaka 1824 kasisi mmoja wa Kiingereza, Arthur Broome, alikusanya watu London ili kuwatetea wanyama. Kati yao alikuwamo William Wilberforce, yule aliyepigana na biashara ya watumwa. Chama kikaingia katika deni, na Broome akatiwa gerezani kwa ajili ya deni hilo. Mwaka 1837 huko Stuttgart, mchungaji wa Kilutheri Albert Knapp aliunda chama cha kwanza cha namna hiyo katika nchi za Kijerumani. Na Mary Tealby alipofungua makao ya mbwa waliopotea London mwaka 1860, wako waliomdhihaki, wakisema ya kuwa watu maskini wangali wapo, huruma yaendaje kwa mbwa? Basi dhihaka isikikayo Segerea ilisikika London pia, wala si ushahidi wa Uafrika wetu. Jirani zetu wa Nairobi nao wana chama chao ambacho asili yake ni mwaka 1910.

Sasa tuyatazame masharti yenyewe. Chanjo haina ubishi. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Yakadiriwa ya kuwa huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wamepata kwa kuumwa na mbwa. Wataalamu wasema ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika njia. (Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali upesi, asingoje kuona mbwa atakuwaje.)

Kufunga uzazi kuna ubishi zaidi. Wako waonao ni ukatili kumnyima kiumbe uzao wake, nami sioni ya kuwa ni jambo jepesi. Lakini mbwa jike hubeba mimba muda wa siku 63 tu au karibu na hapo, naye aweza kuzaa kabla hajatimiza miaka miwili tangu kuzaliwa kwake, zaidi ya mara moja. Wale watoto huenda wapi? Wawili huchukuliwa na majirani, waliosalia hutiwa katika kiroba na kutupwa. Chama kiokotacho mbwa kumi na kuwatoa wakiwa tayari kuzaa hamsini, hicho chateka maji kwa pakacha. Hapa uchaguzi wetu si kati ya uzao na kukosa uzao, bali kati ya kisu cha daktari wa mifugo na kile kiroba.

Sharti linalowaudhi watu kuliko yote ni lile la mnyororo. Katika mitaa yetu mbwa ni mlinzi. Mchana hufungiwa katika banda lenye urefu wa hatua mbili, usiku hufunguliwa ili awe mkali. Wengi waamini ya kuwa mbwa akizoea watu ukali wake huharibika. Nao wale wa makao wasema: mbwa wetu hafungwi mchana kutwa. Mwenye nyumba ajibu: basi wa nini? Neno hilo "wa nini" ndilo kiini cha ugomvi wote. Je, mnyama yupo kwa ajili ya kazi yake tu? Mimi sina neno juu ya kazi. Punda ana kazi, ng'ombe ana kazi, na mbwa kulinda mlango wa nyumba aipendayo ni kazi ya asili yake. Lakini mbwa aliyefungiwa hajifunzi kulinda, hujifunza kuogopa; na mbwa mwenye hofu humwuma mtoto wa nyumbani kama amwumavyo mwizi. Alindaye vema ni yule ajuaye tofauti ya mgeni na mwenyeji, na tofauti hiyo hujulikana kwa kukaa na watu. Watu wa mbali wakisikia jina la Segerea hufikiri gereza. Mfungwa walau ameambiwa shitaka lake.

Hata hivyo, masharti mengine yamekosea njia, nayo yafaa yasemwe waziwazi. Likiwekwa sharti ya kuwa mchukuaji lazima awe na nyumba yake mwenyewe na ukuta, hilo latazama mawe badala ya mtu. Yuko mama aliyepanga chumba kimoja, ambaye angemgawia mbwa ugali wake na dagaa zake, akamwita kwa jina asubuhi na jioni. Na yuko bwana mwenye ukuta mrefu ambaye mbwa wake haoni mtu ila mkono usukumao sahani. Sharti la ukuta lamkataa mama na kumpokea bwana. Bora kuuliza: nani atakuwa pamoja naye?

Lakini huyo mama naye ana neno la kuulizwa, yaani majirani zake. Nyumba za kupanga zina ua mmoja na bomba moja. Wako Waislamu humo, nao kwa mafundisho yao mate ya mbwa yakigusa chombo chapaswa kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kumleta mbwa katika ua wa watu wote bila kuwauliza ni kumfadhili mnyama kwa mali ya jirani. Makao yakitaka ridhaa ya wapangaji wenzake pamoja na mwenye nyumba, hayo si maonevu.

Tena namna ya kuuliza ni sehemu ya haki. Ikiwa yule bwana ni mtoaji, kama tulivyosema, basi aulizwe kama mtoaji: akaribishwe, apewe kiti, aelezwe sababu ya kila swali. Waendao kuitazama nyumba wapige hodi, wangoje, wasipekue. Na wakimkataa, wamwambie kwa nini, ili aweze kutengeneza na kurudi.

Limesalia sharti la mwisho, la kuwa mbwa akimshinda mtu amrudishe palepale alipomtoa, asimuuze wala kumtupa. Wengi huliona kuwa dalili ya kuwa mbwa hajawa wao kamwe. Lakini watu wa Segerea wahama sana. Huyu amepata uhamisho kwenda Mwanza, yule amefiwa na mumewe na kurudi kwao Moshi, mwingine kodi imepanda. Gari la mizigo lapakiwa kitanda, kabati, makreti ya soda, hata ndoo tupu. Na mbwa abaki getini akingoja. Mpangaji mpya humkuta hapo, naye hakumwomba. Kwa mtu wa namna hii lile sharti ni mlango ulioachwa wazi: yampasa ampandishe mbwa katika bajaji kabla ya kupakia kabati, ampeleke, aseme, "Nimeshindwa kwenda naye," wala asione haya.