Thamani ya Gamba

Bei ya kitu na thamani yake ni mambo mawili, lakini sokoni hufanana kama pacha. Konokono mmoja wa kilindini aweza kutusaidia kuyatenga. Huishi katika Pasifiki ya magharibi, na mwaka 1777 mtaalamu Chemnitz alimpa jina ambalo maana yake ni utukufu wa bahari. Kwa karibu miaka mia mbili gamba lake lilikuwa adimu, na matajiri wa Ulaya walishindana kulipata. Mwaka 1969 wapiga mbizi waligundua makao yake karibu na Guadalcanal. Magamba yakaongezeka, bei ikaanguka. Gamba lenyewe halikupungua rangi wala umbo. Basi bei ile haikupima gamba. Ilipima hamu ya watu.

Kama hasara ingalikuwa ya matajiri peke yao, tungalicheka tukapita. Lakini bara letu lina habari nzito zaidi. Mwaka 1854 Livingstone alikuta katika nchi ya Walunda magamba ya bahari, yenye umbo la pia, yakivaliwa kuwa alama ya ukuu. Aliandika kuwa mawili yalitosha kununua mtumwa, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Namtumbo nayo i mbali na bahari, katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa, ambako katika karne ya 19 misafara ilishuka pwani na pembe na watumwa. Wengi huko hawakupata kuona bahari, ila vitu vya pwani viliwafikia, na wengine walibadilishwa kwa vitu hivyo.

Mtu atasema: gamba lile halikuwa kombe tupu, lilikuwa heshima, na heshima ni kitu cha kweli. Nakubali. Lakini heshima hiyo ilitoka wapi? Konokono alijenga gamba limkinge; hakutia ukuu ndani yake. Ukuu ulitiwa na binadamu. Basi amnunuaye mtu kwa gamba hutoa kivuli, akamchukua mwenye kivuli. Chemchemi hailipwi kwa kata ya maji yake yenyewe.

Leo magamba yetu ni vyeo, shahada na mavazi. Kuyavaa si kosa. Kosa ni kumdhani asiyeyavaa kuwa amepungua utu. Kijana atokaye Namtumbo bila pambo lolote hupungukiwa na bei machoni pa wenzake. Thamani yake i kamili, nao wana wajibu wa kuitambua kabla ya pambo.