Ulizeni Fedha Ziko Wapi

Wanangu, nawaona mnavyosoma barua ya ajira. Macho yanakimbilia mshahara, yanateremka kwenye posho ya nyumba, yanatua kwenye siku za likizo, basi, karatasi inakunjwa. Kifungu cha pensheni hakuna anayekigusa, maana uzee kwenu bado ni habari ya watu wengine. Siwalaumu. Ila kabla hamjatia sahihi, nipeni sikio niwasimulie habari ya Studebaker, kampuni ya magari ya Marekani ambayo leo magari yake yanatafutwa na wapenzi wa vitu vya kale tu.

Ilianza mwaka 1852 katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Ndugu wawili, Henry na Clement, walifungua karakana ya uhunzi kwa mtaji wa dola 68. Ndugu yao John alifuata dhahabu California, lakini badala ya kuchimba akawa anawaundia wachimbaji matoroli, na mwaka 1858 akarudi nyumbani na dola 8,000 akazitia kwenye biashara ya familia. Huyo ndiye kijana wa kumwiga, lakini si yeye niliyemkusudia leo. Magari yao ya kukokotwa na farasi yalibeba mizigo ya jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1902 wakaanza kuunda magari ya umeme (ndiyo, ya umeme, msidhani ni uvumbuzi wa juzi), na miaka miwili baadaye ya petroli. Katika Vita vya Pili vya Dunia waliunda karibu malori 200,000, mengi yakapelekwa kwa Warusi, nao wakafunga juu yake ile mitambo ya roketi iliyoitwa Katyusha.

Kwa hiyo hii haikuwa kampuni ya mfukoni. Pale South Bend aliajiriwa baba, akafuata mwana, na mjukuu akingoja zamu yake. Mwaka 1950 ungemwambia mtu wa mji ule kwamba Studebaker itafunga milango, angekushika paji la uso aone kama una homa.

Mwaka huohuo wa 1950 kampuni na chama cha wafanyakazi, UAW, walianzisha mpango wa pensheni. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo. Mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi alihesabiwa na ile miaka yake ya nyuma, ingawa kwa miaka hiyo hakuna senti iliyokuwa imewekwa kwa ajili yake. Pengo hilo lingezibwa kidogo kidogo kwa miaka 30. Kisha kila mkataba ulipojadiliwa upya viwango vya pensheni vilipandishwa, na pengo likapanuka tena. Mnaona ujanja wake? Nyongeza ya mshahara inadaiwa mwisho wa wiki hii. Nyongeza ya pensheni itamkuta meneja mwingine, ambaye pengine leo bado yuko shule ya msingi. Kampuni iliyoishiwa fedha haikosi ahadi, na chama kinachotaka kurudi kwa wanachama wake na ushindi hakiwezi kuzikataa. Na ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba madai ya pensheni yataishia kwenye fedha zilizomo ndani ya mfuko. Zikiisha, zimeisha. Kampuni haidaiwi.

Tarehe 9 Desemba 1963, Krismasi ikiwa inakaribia, ilitangazwa kuwa kiwanda cha South Bend kinafungwa. Gari la mwisho lilitoka tarehe 20 mwezi huo. Tawi la Hamilton, Kanada, liliendelea kujikokota mpaka Machi 1966.

Mfuko ukahesabiwa. Waliokwisha kustaafu na waliokuwa wametimiza miaka 60, watu kama 3,600, walipata haki yao kamili. Nyuma yao walikuwapo zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59 na utumishi wa miaka 10 au zaidi. Hao walipewa kama senti 15 kwa kila dola waliyoahidiwa. Kwa wastani walikuwa na umri wa miaka 52 na utumishi wa miaka 23: umri ambao mtu hawezi kuanza upya, wala hajafika kupumzika. Waliobaki, kama 2,900, hawakuambulia kitu. Chukueni mtu wa miaka 39 aliyeingia getini akiwa na miaka 19. Miaka 20 ya jasho, na kwa kuwa hajafika 40, kwenye hesabu ile hakuwamo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kampuni yenyewe haikufa siku ile. Ilikuwa na biashara nyingine nje ya magari, ikaziendeleza, na mwaka 1967 ikaungana na kampuni ya Worthington. Aliyewaahidi wazee wa South Bend alikuwa hai, na mkataba ukawazuia kumdai. Sheria haikuvunjwa popote.

Ndiyo maana sheria ikatungwa. UAW ilikishika kisa hiki ikakipeleka Washington, na Seneta Jacob Javits wa New York akapigania mabadiliko kwa miaka. Tarehe 2 Septemba 1974, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iitwayo ERISA. Ilimlazimisha mwajiri anayeahidi pensheni kuitengea fedha kwa utaratibu, ikaweka kikomo cha miaka ambayo baada yake haki ya mfanyakazi haifutwi, na ikaunda shirika la bima, PBGC, ambalo mpango wa pensheni ukianguka hulipa mafao mpaka kiwango fulani. Mamilioni ya Wamarekani wanalindwa nayo, na wengi wao hawajawahi kuliona Studebaker hata moja barabarani.

South Bend kuna jumba la makumbusho la magari hayo. Limo humo gari la farasi alilopanda Rais Lincoln usiku aliopigwa risasi. Watu huenda, hutazama, hupiga picha. Ningekuwa mimi msimamizi, ningetundika nakala ya ile sheria mlangoni.

Msidhani lakini kwamba sheria imemaliza kazi. Waajiri wengi wa Marekani, baada ya kuona gharama za ahadi ya kweli, waliiacha ahadi yenyewe. Sasa mfanyakazi anafunguliwa akaunti yake, na masoko yakiporomoka hasara ni yake.

Kwetu Tanzania walio katika sekta binafsi wana mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Vizuri. Lakini hati ya mshahara inaonyesha kilichokatwa tu, haionyeshi kilichofika. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache ombeni taarifa ya michango, mlinganishe mwezi kwa mwezi, na hati zenu msizitupe. Ukikuta mwezi umerukwa, ufuatilie ungali kazini; ukisubiri mpaka kampuni inafilisika utamkuta mfilisi, na mfilisi ana foleni ndefu.

Na mwajiri akiwaahidi kiinua mgongo juu ya hayo ya kisheria, mshukuruni, kisha mmuulize kwa adabu: fedha zimetengwa wapi, nani anazisimamia, na je, mtu akiondoka mwaka wa tisa? Jibu liwe la maandishi. Akisema hayo ni mambo ya makao makuu, ombeni namba ya simu ya makao makuu.