Biringani Lisiloliwa na Funza: Je, ni Kubadili Maumbile?

Watu wanaposikia kuwa mboga imetiwa ndani yake kitu cha kiumbe kingine ili wadudu wasiile, aghlabu huuliza: je, huku si kuingilia kazi ya Muumba? Swali hili ni la haki, wala hatumlaumu mwenye kuliuliza. Lakini hukumu ya jambo haitangulii kulijua. Basi na tutazame mfano wa Bangladesh, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, na biringani ni katika mboga wanazozipenda sana.

Huko yuko nondo atagaye mayai juu ya mbiringani. Yakianguliwa, funza hutoboa chipukizi na tunda, na akisha kuingia ndani, dawa haimfikii. Kwa hiyo mkulima hunyunyiza sumu mara kwa mara apate kumuwahi, na wengi hawana kinga ya mikono wala ya uso. Sumu hiyo humdhuru yeye, hushuka majini, na nyingine hufika sokoni juu ya ganda la biringani.

Katika udongo kuna kijidudu kiitwacho Bacillus thuringiensis, ambacho Mjapani Ishiwata alikigundua mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Hicho hufanya protini iharibuyo matumbo ya viwavi. Ama matumbo ya mwanadamu hayana pa kuishika. Mwaka 1938 Wafaransa walianza kuiuza kuwa dawa ya kunyunyiza. Lililo jipya ni kuwa jeni ifanyayo protini hiyo imetiwa ndani ya mbiringani wenyewe. Bangladesh iliruhusu aina nne Oktoba 2013, na Januari 2014 wakulima 20 wakapewa miche ya kwanza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa sumu ilipungua na mavuno yakazidi. Jirani yao India aliona vingine: waziri Jairam Ramesh alilisimamisha biringani kama hilo Februari 2010, akitaka lichunguzwe zaidi.

Sasa tuhukumu. Ikiwa kila kubadili mmea ni haramu, tutasemaje juu ya mahindi, ambayo watu wa Mexico waliyatoa katika nyasi yenye punje chache ngumu? Wala miembe ya kuunga isingalifaa kuliwa. Ni kweli kwamba kutia jeni ya kijidudu katika mboga si sawa na kuunga miembe, na ugeni wake wataka uchunguzi mkubwa zaidi. Lakini ugeni peke yake si dhambi. La kupimwa ni manfaa na madhara, na ni nani anayeyabeba.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea mizani. Twadhani kuwa mwenye kukataa amesalimika, hana la kuulizwa. Sivyo. Kuacha nako ni kitendo. Sisi wa mjini tunapokataa, twanunua biringani safi, na sumu hubaki katika mikono na kifua cha mtu tusiyemjua. Mwenye kukataa na aseme pia ni njia gani nyingine ya kumpunguzia mkulima sumu ile.

Wala hatusemi kuwa kila kinachowezekana kifanywe. Twaona sharti tatu. Kwanza, pembeni mwa shamba ipandwe mistari ya mibiringani ya kawaida, ili funza wasiizoee protini ile. Kwani katika pamba ya Gujarat, India, funza mwekundu aligunduliwa amekwisha kuizoea kabla ya mwaka 2010 kwisha. Achaye mistari hiyo kwa tamaa huwadhuru jirani zake wote. Pili, mkulima asifungwe kwa mbegu. Huko Bangladesh aweza kuziweka zake akazipanda tena. Tatu, mnunuzi aambiwe anunuacho, kwani kuficha ni ghushi hata kama kitu chenyewe hakina dhara.

Hapa Kenya serikali ilizuia kuingizwa vyakula vya namna hii Novemba 2012, ikatangaza kuliondoa zuio hilo Oktoba 2022, na mashauri yakafika mahakamani. Mahakama itahukumu kwa sheria. Sisi yatupasa tuhukumu kwa elimu na insafu, tusihalalishe kwa kupenda mageni wala tusiharimishe kwa kuyaogopa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.